Makadara Hawauzi Mvinyo

Kisiwani Mombasa tamasha kubwa la chakula halina tiketi wala bango, na hakuna anayeliita tamasha. Linaitwa Idd. Mwezi ukiandama, uwanja wa Makadara, hatua chache tu kutoka Fort Jesus, hujaa bembea, farasi wa kuzunguka, magari madogo ya watoto na taa za kila rangi, na pembeni mwa hayo yote hupangwa meza za chakula. Kwa siku kadhaa, kuanzia alasiri mpaka usiku mwingi, watoto wa Mji wa Kale, wa Majengo, wa Bondeni na wengine wa ng'ambo humiminika pale na mkono wa Idd waliokusanya nyumba kwa nyumba, na huumaliza wote. Mtoto akirudi nyumbani na baki, mamake humgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Mimi si mtoto tena na si Mwislamu, lakini sijakosa Makadara tangu nikiwa darasa la nne. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi ni wa Kibokoni, na mamake huwa na meza pale kila Idd. Anauza viazi karai, vitumbua, mkate wa kumimina na maji ya ukwaju. Kazi yangu ni kubeba madumu ya maji na kurudisha chenji. Mshahara ni kula.

Na pale kuna kula, jamani. Chukua viazi karai peke yake. Kiazi chenyewe asili yake ni milima ya Amerika Kusini. Kimechemshwa, kikachovywa kwenye unga wenye bizari, kikakaangwa kwa namna ambayo mtu wa Gujarat angeitambua hata akiwa amefumba macho. Juu yake unamwagiwa ukwaju, ambao Waarabu waliuita tende ya Kihindi ingawa mkwaju ni mti wa Afrika. Halafu pilipili, iliyovuka bahari mbili na Wareno. Halafu chatine ya nazi. Yaani unasimama mahali pamoja, na sahani ya plastiki mkononi na kidole kinanuka ndimu, na umeshazunguka dunia kwa shilingi hamsini. Meza inayofuata kuna kaimati, ndugu yao hasa yuko nchi za Ghuba. Kuna mihogo ya kukaanga, nayo ilitoka Amerika vilevile. Kuna katlesi, neno la Mwingereza lililotiwa viungo mpaka mwenyewe hawezi kulitambua. Kuna mishkaki, achari, mabuyu mekundu yanayopaka ulimi rangi wiki nzima. Na muuza kahawa anapita na dele lake la shaba, akigonganisha vikombe, ili halua ya Oman usiimeze kavu.

Kuna watu hulipa maelfu kupata kitu kama hiki. Huko Florida, Marekani, kampuni ya Disney ina bustani inaitwa Epcot, na tangu miaka ya tisini hufanya humo tamasha la chakula na mvinyo. Bustani ile ina ziwa, na kulizunguka ziwa kuna mabanda ya mataifa 11. Unatoka Mexico unaingia Norway, unaingia China, ukitembea na glasi. Afrika nzima imewakilishwa na nchi moja, Morocco. Liliwahi kupangwa banda la Afrika ya ikweta, halikujengwa.

Lakini bustani ya jirani, Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998, sisi tumo. Tumo kabisa. Mle ndani kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, na waliokibuni walichukua mfano wa Lamu. Nimekitazama kwenye simu usiku mpaka bando likaisha. Kuta zimebambuliwa rangi kwa makusudi. Kuna duka linaitwa Tamu Tamu. Chini kwenye saruji wamechora "Uhuru 1961", mwaka ambao Tanganyika ilikuwa imepata na sisi Kenya bado tulikuwa tunangoja. Hata herufi moja ya Harambee waliiacha uwanja wa ndege. Na kuna baa, inaitwa Dawa Bar. Unakaa chini ya kuta za mji wa Waswahili, unaagiza kileo, na hakuna shangazi wa mtu anayekutazama.

Nilicheka, ila sikucheka sana. Nilielewa raha yake. Makadara hukuli bila kuulizwa. "We si mtoto wa fulani? Babako hajambo? Na chuo umemaliza?" Chuo sikumaliza, karo ilikatika mwaka wa pili, na kila Idd nalieleza jambo hilo kwa wastani wa watu sita huku mdomo umejaa kitumbua. Kwenye bustani ya kulipia wewe ni kikuku cha karatasi tu mkononi. Hilo nalo lina utamu wake, nisiseme uongo.

Mwanzo wa mwaka 2025 nilikipata kikuku changu. Kulikuwa na jioni ya "chakula cha Kiswahili na mvinyo", kwenye bustani ya michezo mahali fulani nje ya kisiwa, na mimi nilipewa kazi ya kuandika maneno ya kuitangaza na baadaye kuieleza. Kiingilio shilingi 3,500. Mimi niliingia bure, na ndivyo walivyohesabu nusu ya malipo yangu.

Palikuwa pazuri. Bembea za umeme zikizunguka upande mmoja, upande mwingine vibanda vilivyoezekwa makuti, vikuku vya maua, muziki wa taarab kwa sauti ya chini ili watu wasikie wanavyozungumza. Taa ziliwekwa ndani ya vifuu vya nazi. Kulikuwa na samaki wa kupaka, wali wa nazi, kamba wa nazi, na viazi karai vitatu vilivyotungwa kwenye kijiti, na jani la kotimiri juu, shilingi 600. Kwenye kaunta ya mvinyo kijana mmoja mstaarabu sana alikuwa anaeleza chupa za Afrika Kusini, ipi yaenda na kamba, ipi yaenda na nyama. Nilimsikiliza kwa muda. Alijua kazi yake. Alisema huu una harufu ya embe bichi, na kweli, nilipopewa kidogo ninuse, embe lilikuwemo.

Nikamuuliza kama wana mnazi.

Alicheka kwanza, kisha akaniangalia kuona kama nasema kweli. "Hiyo nenda mangweni," akasema, si kwa ubaya. Aliyekuwa karibu naye, mmoja wa waandalizi, alieleza vizuri zaidi: mteja wao si mtu wa mnazi, na mnazi unaharibu jina. Basi nikatazama juu. Makuti. Nikatazama mezani. Tui. Nikatazama ile taa ndani ya kifuu. Mti wote ulikuwa umealikwa, kuanzia paa mpaka mchuzi, isipokuwa kile kinachotoka kwenye ua lake. Hata chupa ya Dodoma haikuwepo, na Dodoma si mbali sana nasi. Mvinyo ulikuwa umetoka Rasi, kilomita maelfu, kuja kunywewa chini ya minazi.

Kwenye makala yangu niliandika sentensi tatu kuhusu mnazi. Zilifutwa. Nusu ya pesa ilikuja baada ya wiki sita.

Hapa nieleze kitu kabla sijaeleweka vibaya. Sidai Makadara wauze mnazi. Ile ni Idd. Kilicho haramu kwao ni haramu, na mtu aliyefunga siku 29 au 30 ana haki ya kula kaimati yake pasipo mlevi kumwagukia. Hawajawahi kunificha kwamba pombe haina nafasi pale, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Kinachonikera ni wale wanaofungua chupa, wakaita Kiswahili, halafu wakaona aibu kwa chupa moja tu.

Na lugha yetu yenyewe ina ushahidi. Kwa zabibu tuna maneno mawili ya kuazima. Divai inanuka Kifaransa. Mvinyo ni vinho ya Wareno, na ilishuka jahazini pamoja na meza, leso, bendera na gereza, ambalo kwao lilikuwa igreja, yaani kanisa. Ukitaka kuona historia ikifanya mzaha, nenda Fort Jesus. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaichukua 1698, na Waingereza wakaifanya gereza kweli kuanzia 1895 mpaka 1958. Lakini kwa kile tunachogema wenyewe tuna majina ya nyumbani: tembo, mnazi, na kwa Mijikenda uchi, neno ambalo lilinichapisha darasa la pili nilipomwambia mwalimu kwamba babu yangu anauza uchi.

Naam, babu yangu ni mgema. Ana miaka 78, yuko Rabai, huko alikofika Krapf na kujenga misheni 1846, na ana minazi 31 iliyo hai. Siku hizi hapandi, magoti yamekataa. Anapanda baba mdogo, na Babu anakaa chini kwenye kigoda akitoa amri ambazo hazisikiki juu kwa sababu ya upepo.

Kazi yenyewe ni hii. Shina la mnazi hukatwa vidato, ngazi mpaka juu. Kileleni, mgema hachukui nazi, anachukua ua kabla halijafunguka. Analifunga kwa kamba likiwa bado ndani ya karara, analiinamisha taratibu siku baada ya siku, anakata ncha yake kwa kotama, kisu chembamba cha kugemea, na chini yake anatundika kibuyu. Utomvu unadondoka. Anarudi asubuhi, anarudi jioni, kila mara anachonga kipande chembamba kama karatasi ili kidonda kisifunge. Akiruka siku moja, ua linakauka. Hakuna likizo, hakuna kuumwa. Baba mdogo alioa Jumamosi moja, na asubuhi ile alikuwa juu ya mti.

Ukiunywa ukishuka tu, asubuhi, ni mtamu, una harufu ya maua na hamira, mtoto anaweza kuuonja. Saa sita unatoa povu. Jioni una kamba. Kesho yake ni mkali, na ukiusahau unakuwa siki, ambayo nayo ina kazi yake jikoni. Yule kijana wa kaunta angekuwa na mengi ya kusema: kinywaji kimoja, kutwa moja, ladha nne. Lakini sheria ya vileo ya 2010, ile watu waliita sheria ya Mututho, iliweka saa za kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Bia haijali, ilivyokuwa asubuhi ndivyo ilivyo jioni. Mnazi ukingoja saa kumi na moja umeshabadilika tabia. Sheria iliyotaka watu wanywe kidogo iliwapa ule mkali.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokaa na Babu Februari hiyo. Ua lililogemwa halizai nazi. Ni moja au jingine. Mnazi hutoa ua jipya karibu kila mwezi, na kila ua ni uamuzi: tembo la leo au nazi za mwaka ujao. Maana nazi, tangu ua kufunguka mpaka kukomaa, huchukua kama miezi kumi na miwili. Na nazi hupata soko zuri kabisa Ramadhani, kwa sababu kisiwa kizima kinataka tui: mbaazi za nazi, mahamri, vitumbua, wali, uji. Madalali wanafika mpaka shambani wakiwa na magunia.

Tatizo ni kwamba Ramadhani haikai. Hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wetu wa kalenda. Nazi inataka mwaka mzima, na mwezi hautoi mwaka mzima. Kwa hiyo ukitaka nazi za kukuna mwanzo wa mfungo ujao, lazima uache maua yafunguke kabla mfungo wa sasa haujaingia. Ukisubiri uone mwezi ndio ukumbuke, umechelewa kwa siku 11. Babu, ambaye ni Mkristo wa Anglikana na mzee wa kanisa, ndiye mtu wa kwanza Rabai kuuliza Ramadhani ijayo ni lini.

"Tazama kwenye hiyo simu," aliniambia.

Nilitazama. Ramadhani ya 2025 ilikuwa inaingia mwanzo wa Machi. Ya 2026 ilihesabiwa kuanguka katikati ya Februari.

"Katikati ya Februari." Akatazama juu kwa muda mrefu. "Basi ule wa kisimani na ule uliopigwa na radi, mwambie baba yako mdogo asiuguse."

Nilimuuliza kwa nini asiache yote izae, kama Ramadhani inalipa. Alinitazama kama mtu aliyesikia swali la mtu wa mjini. Tembo ni pesa ya kila siku, alisema. Nazi ni pesa ya mwaka. Mtoto akiumwa usiku hutamwambia angoje Ramadhani. Na tena kuna mambo hayafanywi bila tembo. Posa haiendi mikono mitupu. Maiti haizikwi watu wakanywa soda. Alivyosema soda, ungedhani ni tusi.

Nikaondoka na gunia la nazi 40. Dalali alikuwa akitoa shilingi 20 kwa moja. Marikiti siku zile moja ilikuwa 50. Mama wa rafiki yangu tulikubaliana 30, na kila mmoja akajiona amemfaidi mwenzake. Nililipakia gunia juu ya matatu Mazeras, nikalipia kama abiria, tukashuka nalo, tukapanda tuktuk mpaka Kibokoni, kule ambako vichochoro vinabana mpaka tuktuk inakunja masikio.

Nilipolitua mlangoni, jirani alikuwa amekaa barazani. Bibi mmoja, mjuzi wa kila kitu. Akauliza zimetoka wapi. Rabai, nikasema. Kwa nani? Kwa babu yangu. Akavuta mdomo. "Yule mgema?"

Mji wa Kale hakuna siri, nimeshawaambia. Nilisimama pale na jasho langu. Mama alikuwa ameshaichukua ya kwanza, anaitikisa sikioni asikie maji.

"Kwani nazi yajua jirani yake kapewa kazi gani?" akasema, wala hakugeuka. "Leta mbuzi, mwanangu, tuione yafanya nini."

Rafiki yangu akaleta mbuzi. Mama akakaa, akakuna, akamimina maji ya vuguvugu, akakamua. Tui la kwanza lilishuka zito, jeupe, likakataa hata kudondoka vizuri. Bibi wa barazani aliinuka kidogo atazame ndani ya bakuli. Hakusema kitu, na kwa bibi yule hiyo ni hotuba. Kesho yake alimtuma mjukuu aulize kama zimebaki tano.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala usiku mmoja kwenye kisiwa hiki akielekea Kilwa. Aliandika kwamba watu wake wanakula zaidi ndizi na samaki, kwamba kuna ndimu na tunda kama zeituni, ambalo kwa maelezo yake naliona zambarau, na kwamba kisiwani hawalimi nafaka, huletewa. Huletewa. Wareno walipofika Aprili 1498, Sultani aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na ukikitazama kisiwa hiki kwenye ramani unajiuliza shamba la hayo yote lilikuwa upande gani wa maji. Kila ninaposikia mtu akisema "mapishi asili ya Mji wa Kale", naona gunia juu ya matatu ya Mazeras. Mapishi ni yao kweli. Hakuna mtu Rabai anayeweza kuoka mkate wa kumimina kama ule, nami nimewaona wakijaribu. Ila mti uko kwetu.

Idd ilikuja mwisho wa Machi. Usiku wa pili Makadara palikuwa hapapitiki. Mtoto mmoja alitapika kwenye bembea na akarudi foleni. Mama aliuza mikate tisa ya kumimina, ule wa kuoka kwa makaa juu na chini, mchele uliorowekwa ukasagwa na tui na iliki mpaka unakuwa laini kama shavu. Kila mmoja unakatwa vipande vinane, kipande shilingi hamsini. Watalii wawili walikula wakiwa wamesimama, wakauliza kama kuna mahali wanaweza kupata mvinyo. Rafiki yangu aliwamiminia ukwaju. Waliunywa, wakaongeza.

Wakati wa kufunga meza, Mama aliutoa mkate wa kumi, mzima, aliokuwa ameuficha chini ya meza tangu alasiri. Akaufunga kwa karatasi, akaufunga tena kwa leso yake.

"Huu wa babuyo. Mwambie nazi zake zina tui. Na leso nirudishie, usiniletee hadithi."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Rabai. Babu alikuwa kwenye kigoda. Akaufungua mkate, akaunusa, akaita kibuyu. Baba mdogo alikuwa ameshuka sasa hivi, na tembo la asubuhi lilikuwa bado lina maua ndani yake. Babu alikata kipande kwa kotama, ile ile ya kazi, aliyoipangusa kwenye suruali. Akauma. Akanywa. Akauma tena, polepole, kama mtu anayesikiliza.

"Na hawa," akasema, "huula na nini?"

"Na ukwaju. Au kahawa."

"Mm." Akafikiri. "Ukwaju si mbaya."

Nikakata changu, nikachovya ukingo wake kwenye tembo. Iliki ikapanda puani pamoja na lile povu. Sikuwa na neno la kijana wa kaunta la kuieleza ladha ile, na Babu hakuniuliza.

Aliuliza bei. Kipande hamsini, nikamwambia. Akasimamisha taya.

"Na dalali hunipa ishirini."

"Ndiyo, Babu."

"Mkate mzima una nazi ngapi?"

"Mbili hivi. Akitaka uwe mzito, tatu."

Akahesabu kwa vidole, akitazama mti wa kisimani, ambao juu yake karara moja lilikuwa limefunguka na hakuna kamba iliyolifunga. Kisha akanisogezea mkate.

"Kata kingine," akasema. "Hiki nimekula nazi yangu tu. Hapo kwa yule mama bado sijafika."